Boti Iliyokaliwa na Nyuki

Mlipokuja Jumamosi ile, ninyi watatu, mkakaa kwenye mkeka wangu hapa Itetemia na kuniuliza boti yenu mpya inaendeshwaje, niliwajibu kwa mkato. Nisameheni. Magoti yalikuwa yananiuma, na kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimeamua kama nitalisema. Mlipoaga nilibaki pale pale mpaka chai ikapoa. Sasa nimeamua. Kwenda nanyi kambini kwa wafuga nyuki siwezi tena. Barabara ya kutoka Ipole kwenda mtoni inanivunja mgongo hata nikiifikiria tu. Kwa hiyo nawaandikia. Rehema, wewe uliyekuwa unarekodi kila neno kwenye simu, hii isome taratibu, halafu wasomee wenzako.

Tuanze na kizibo. Nyuma ya boti, chini kabisa, karibu na mahali injini inapofungwa, kuna tundu. Limewekwa makusudi ili maji ya mvua yatoke boti ikiwa nchi kavu, na lina kizibo chake cha kukaza kwa mkono. Kabla boti haijagusa maji, piga magoti, peleka kidole, hakikisha kizibo kipo. Usimuulize mtu, na mtu akikuambia ameshakiweka, mshukuru, kisha upeleke kidole chako mwenyewe. Mimi nilikijua kizibo hicho siku ya kwanza ya boti ya kwanza ya chama chetu cha wafuga nyuki, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo wazee wa Ipole wakiniona huniuliza kama nimekibeba.

Siku ile ilikuwa ya sherehe. Chama kilikuwa kimepewa zawadi, boti nyeupe ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi kumi na tano, ili asali ya ng'ambo ya mto Ugalla ivushwe bila kubebwa ndoo mojamoja kwenye mtumbwi. Wanaume wanane tuliiteremsha kutoka kwenye lori, tukaisukuma juu ya magogo, nyuma ikitangulia, mpaka ikaelea, tukaifunga kwenye mti. Chama chetu kina Wamoraviani, Wakatoliki na Waislamu, na mwenyekiti wetu, Mzee Kapela, hakutaka kumkwaza mtu. Akaomba mchungaji, akaomba katekista, na mwisho akaomba shehe kutoka Tabora mjini, ambaye ukoo wake ulikuwa ukinunua nta yetu tangu enzi za mababu. Mimi na Mzee Kapela tulisimama ndani ya boti, vichwa tumeinamisha, macho tumefumba. Katekista alipofika katikati nilihisi ubaridi kwenye vidole vya miguu, nikadhani ndiyo baraka yenyewe. Shehe alipofika kwenye amina ya mwisho, maji yalikuwa yamefika vifundoni, na viatu vya mwenyekiti, alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo, vilikuwa havionekani.

Mtu mmoja tu hakufumba macho. Alikuwa amesimama kando ya mto na mikono nyuma, kimya, anaitazama boti inavyodidimia. Huyo alikuwa Fundi Almasi, mwalimu wangu.

Niwaambie kwanza jinsi nilivyopata mwalimu. Mimi nilikuwa dereva wa lori la chama. Boti ilipopatikana, kikao kilisema boti ina injini, injini inataka dereva, na dereva ni Elia. Kikao hicho kilikuwa kifupi kuliko wakati wa chai. Hakuna aliyeuliza kama najua kuogelea. Baadaye mtu mwenye akili alipendekeza nitafutiwe mtu wa kunifundisha, ndipo akapatikana Almasi wa Ujiji, aliyekuwa ameendesha boti katika Ziwa Tanganyika tangu ndevu hazijamwota. Nilimpokea Kaliua, akishuka kwenye treni ya Kigoma na sanduku la spana ambalo hakukubali libebwe na mtu. Swali lake la kwanza, hata kabla hajauliza choo kiko wapi, lilikuwa kama najua kuogelea. Nikasema sijui. Akasema ni afadhali, nitakuwa mwangalifu.

Njiani, ndani ya lori, alinitania sana. Alisema mababu zake walileta mizigo kutoka Ujiji mpaka Tabora, mababu zangu wakaipokea na kuibeba mpaka pwani, wote kwa kichwa na mabega, na leo yeye amekuja kumfundisha Mnyamwezi kubeba mzigo akiwa amekaa. Nilicheka. Nilimpenda mzee yule kabla hatujafika Ipole.

Jioni ya sherehe, baada ya kumaliza kuchota maji kwenye boti kwa sufuria, nilimuuliza kama aliliona tundu. Akasema aliliona tangu boti ikiwa juu ya lori. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningekuambia, ungesahau mwezi ujao," alisema. "Sasa hutasahau mpaka unazikwa."

Alisema kweli, sijasahau. Lakini kuna kitu Almasi hakukijua, au alikijua akakidharau. Aibu ile ilizaa woga, nao ulikaa ndani yangu. Tangu siku ile, kila nilipokanyaga boti nilihisi maji yanapanda miguuni hata kama sakafu ilikuwa kavu. Sikumwambia mtu. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, dereva wa lori la tani saba, utamwambia nani kwamba unaogopa mto?

Sasa mambo ya mkono wa injini, maana hapo ndipo ninyi mtakapochekwa. Injini ya nyuma ina mkono mmoja unaoushika ukiwa umekaa. Ukitaka boti iende kulia, mkono unausukuma kushoto. Ukitaka kushoto, unausukuma kulia. Kwa dereva wa gari hilo ni tusi. Siku tatu mfululizo niliingia kwenye matete, Almasi anasema kwa upole, "Tena, dereva." Siku ya nne akanifunga macho kwa kanga, akaniambia nisikilize maji yanavyopiga ubavuni. Ndipo mkono ukaacha kuuliza kichwa. Na breki hakuna. Ukitaka kusimama, punguza mafuta mapema, mapema kuliko unavyodhani, kisha uache maji yenyewe yakusimamishe. Ukiingia ukingoni kwa kasi, anayevunjika ni aliyekaa mbele.

Kuvuka mto uliojaa ni jambo jingine. Usielekeze boti pale unapotaka kufika. Elekeza juu, upande maji yanakotoka, na mto wenyewe utakushusha mpaka pale ulipotaka. Ukifika, geuza mbele ya boti itazame maji yanayokuja, ndipo uguse ukingo. Na viboko: mchana wanakaa kilindini, kwa hiyo pita upande wa maji machache, na ugongegonge ubavu wa boti kwa kijiti ili wainue vichwa uwaone. Kiboko unayemwona si tatizo kubwa.

Mzigo uwekwe katikati na chini. Mnajua wenyewe kwamba ndoo ya lita ishirini ya asali si ndoo ya maji, inakaribia kilo thelathini. Vijana wengi huzipanga nyuma karibu na injini kwa kuwa ndipo ilipo nafasi, halafu wanashangaa kwa nini pua ya boti imetazama mbinguni.

Injini yetu ilikuwa ya kuchanganya oili na petroli, nusu lita ya oili kwa lita ishirini na tano. Yenu, nilivyosikia, ni ya kisasa, oili ina mahali pake. Msichanganye kwa sababu babu alichanganya. Lakini haya hayajabadilika: fungua kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi, minya lile puto la mpira la kwenye bomba la mafuta mpaka liwe gumu, vaa ile kamba nyekundu mkononi, ili ukianguka injini izime isije ikakurudia, na ikishawaka, tazama nyuma kama inakojoa. Maji lazima yatoke kwa mfululizo kwenye kile kitundu kidogo. Isipokojoa, zima hapo hapo. Fundi Almasi alikuwa akisema injini isiyokojoa ni mgonjwa mahututi, usimbebeshe mzigo.

Siku ya mwisho ya mafunzo alinituma nivuke peke yangu. Mto ulikuwa wa wastani. Katikati, majani ya mtoni yakajizungusha kwenye pangaboi linalosukuma maji chini ya injini, injini ikakoroma, ikazima. Boti ikaanza kuteremka yenyewe, taratibu, kuelekea kwenye dimbwi la viboko. Nilijua cha kufanya: kuinua injini, kukata majani kwa kisu, kuishusha, kuwasha. Alishanionyesha mara kumi. Lakini mikono ilikataa. Nilikaa nimeshika ubao, nasikia maji miguuni ambayo hayakuwapo, mpaka Almasi alipopaza sauti kutoka ukingoni, bila hasira, akiniambia neno moja moja: inua, kata, shusha, vuta. Nikafanya. Niliporudi alinipa mkono, akasema nimefuzu. Wote wawili tulijua bado.

Alipokuwa anaondoka, tukiwa tunasubiri treni pale Kaliua, alinipa sharti moja. Akasema boti isilale wiki bila kuguswa na maji, hata kama hakuna mzigo. Iingize hata dimbwini, washa injini robo saa, izunguke, irudi. "Kwa ajili ya injini," alisema. Kisha akanitazama sana. "Na kwa ajili yako." Nikamuahidi.

Kiangazi kile cha kwanza, Ugalla ilipokauka ikabaki madimbwi, niliwaomba wenzangu tuipandishe boti ukingoni. Tuliigeuza kifudifudi juu ya magogo, chini ya mti, isijae majani. Injini niliifunga kwa turubai nikaiweka ghalani. Wiki ya kwanza nikasema dimbwi ni dogo. Wiki ya pili nikasema petroli ni kidogo. Wiki ya tatu sikusema kitu.

Mwezi wa kumi, miyombo imechanua, nyuki wanahama, kundi moja kubwa likaingia kwenye boti. Kule mbele kulikuwa na sanduku lililofungwa, la kuweka kamba, lenye tundu la mviringo ambalo mfuniko wake ulikuwa umepotea. Kwao ulikuwa mzinga mzuri kuliko wa magome. Nilikwenda asubuhi nikaona wanaingia na kutoka, wametulia, kana kwamba boti ililetwa kwa ajili yao.

Ninyi mmezaliwa huko, hamhitaji kuelezwa, lakini labda mmesahau, maana siku hizi kila kitu ni mizinga ya kisasa. Kambini kwetu, kundi likija lenyewe mahali ambapo hukulitegea, huliondoi mpaka limekupa asali mara moja. Liwe limeingia kwenye ukuta wa nyumba au kwenye sanduku la nguo za mkeo, unahama wewe. Kumfukuza mgeni huyo kabla hajatoa ni kuwaambia nyuki wa msitu mzima kwamba hapa hawatakiwi. Wazee waliliamini hilo, na mimi mtoto wao nililiamini, ingawa sitawadanganya kwamba niliamini sana. Na kwa kuwa boti ilikuwa imegeuzwa, masega yangejengwa yakining'inia kutoka kwenye kile ambacho ni sakafu ya sanduku. Kuirudisha boti sawa kungeyabomoa yote. Hakuna mfuga nyuki duniani atakayefanya kosa kama letu, la kuiacha boti ya watu izeeke nchi kavu kwa heshima ya nyuki, isipokuwa sisi.

Mzee Kapela alikuja kuangalia. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kuamua jambo peke yake. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu Elia," aliniambia, "chombo ni chako. Nikisema nyuki wakae mpaka mavuno, hatutaihitaji boti kabla ya hapo?"

Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Mtumbwi unatosha."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilijua mvua ikikolea mtumbwi hautoshi. Nilijua sharti la Almasi. Lakini nilipowaona wale nyuki nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nimepata sababu ambayo hakuna mtu Ipole angeihoji, ya kutokanyaga tena boti ile kwa miezi saba.

Mdogo wangu Petro alikuwa mfuga nyuki ng'ambo ya mto. Ni mdogo wangu wa kufuatana, tumenyonya ziwa moja. Mwezi wa tatu, mto umefurika umeingia mpaka kwenye miti, asubuhi kama saa mbili, tukamsikia mwenzake anaita kutoka upande wa pili. Petro alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga. Mtu wetu mmoja alivuka na mtumbwi, akiteremshwa na maji mbali sana kabla ya kushika ukingo, akarudi na habari kwamba mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, mfupa umetoka nje, na mtu wa namna ile lazima avushwe akiwa amelazwa. Mtumbwi wa gome unakaliwa na watu wawili wakiwa wamekunja magoti. Hauna mahali pa kumlaza mtu.

Watu wote wakaitazama boti, kisha wakanitazama mimi.

Mnajua kuwatoa nyuki mchana, wakati wa mvua, ni kazi ya namna gani. Kuni zilikuwa zimelowa, vienge vya kufukizia vikawa vinatoa moshi mwembamba wa kuwaudhi tu. Tulipoigeuza boti, masega ya miezi mitano yalianguka yote kwa pamoja, asali, majana yenye watoto wa nyuki, na nyuki wenyewe wakamwagika mpaka nyuma. Kundi likatuvamia. Wawili wetu waliumwa mpaka wakalazwa chini, ikabidi tuache tukawahudumie. Tukasubiri, tukarudi, tukafukiza tena, tukakata na kuchota kwa majembe. Ilipofika saa sita nikaleta injini. Petroli ilikuwa imekaa tangu kiangazi, kabureta imeziba. Nilivuta kamba mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, nikavuta tena. Kutoka ng'ambo tulikuwa tunamsikia Petro, na kuna wakati tukawa hatumsikii.

Iliwaka saa nane mchana. Nilipeleka kidole kwenye kizibo, nikavuka. Nililenga juu, mto ukanishusha, nikageuza pua, nikagusa ukingo pale pale walipokuwa. Nyuki waliobaki walikuwa wananitembea usoni. Kuvuka kwenyewe hakukuzidi dakika kumi. Nimeurudia wakati huo maisha yangu yote, zile dakika kumi nilizoziogopa kwa miezi, na jinsi zilivyokuwa rahisi.

Tulimlaza Petro kwenye sakafu ya boti, juu ya asali na nyuki waliokufa, hapakuwa na muda wa kusafisha. Akaniangalia akatabasamu. Lori lilikwama njiani mara nyingi kwa tope, tukafika hospitali kesho yake. Daktari alituambia mfupa ulikaa wazi kwa muda mrefu mno. Wakaukata mguu chini ya goti.

Chama kiliitisha kikao. Watu walikuwa na uchungu, wakataka kujua nani aliamua nyuki waachwe kwenye boti. Mzee Kapela akasimama. Alisema ni yeye, na asiulizwe mtu mwingine. Hakutaja kwamba aliniuliza. Hakunitazama hata. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na viganja vimefungwa bandeji, watu wananipa pole, na wengine wananipongeza. Nikakaa kimya. Aliacha uenyekiti siku hiyo hiyo, na watu wengine waliacha hata kupita kwake. Alipofariki nilibeba jeneza upande wa kulia mbele, na bado nilikaa kimya.

Baada ya hapo niliendesha boti ile kwa miaka kumi na tisa. Woga uliisha, niseme ukweli, nadhani uliaibika. Kila wiki niliiingiza majini, mvua au kiangazi, nikaizungusha robo saa. Nilivusha asali, wagonjwa, wajawazito, mara moja maharusi wawili na matarumbeta yao. Watu walinisifu kwa uangalifu wangu. Sifa ni kitu cha kuchosha sana ukijua zilikotoka.

Na aliyenisifu kuliko wote alikuwa Petro. Alijifunza kushona viatu, akapata kibanda sokoni Tabora mjini, na kila mteja aliyeuliza habari ya mguu alisimuliwa jinsi kaka yake alivyovuka Ugalla imefurika, nyuki wakimla uso, injini ikiwa imekufa na kufufuliwa. Wanawe wanaijua hadithi hiyo kuliko masomo yao. Nilikuwa nikiisikia naangalia chini, wao wakidhani ni unyenyekevu.

Kisha mkaja ninyi, na swali lenu, na boti yenu mpya yenye trela lake. Nikaona siwezi kuwafundisha kizibo na pangaboi nikaruka lile jambo ambalo kwa kweli ndilo ninalolijua. Boti haikumwangusha Petro. Nyuki hawakuwa na kosa, wala Mzee Kapela. Mguu wa mdogo wangu ulikatwa kwa sababu dereva wa boti aliogopa boti na hakusema. Mkiogopa, na mtaogopa, semeni. Mwambieni mwenyekiti wenu, ambianeni ninyi kwa ninyi, tafuteni mwingine awashike mkono. Aibu yake ni ya siku moja.

Lakini sikuweza kuwaandikia ninyi kabla sijamwambia yeye. Petro huja kwangu kila Jumapili akitoka kanisani, tunakula pamoja. Jumapili iliyofuata baada ya ninyi kuondoka nilimweleza yote: sharti la Almasi, swali la Mzee Kapela, jibu langu, furaha yangu. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, kama Mzee Kapela alikufa akiamini kwamba kosa lilikuwa lake. Nikasema nadhani ndivyo. Akachukua gongo lake la kutembelea akaondoka, chakula hajakigusa.

Nilidhani hatakuja tena. Jumapili ya pili yake nikalisikia gongo uani, akaingia, akakaa mahali pake pa siku zote, akala, tukazungumza habari za watoto na bei ya ngozi. Amekuja na Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Anacheka kama zamani. Ila maisha yake yote, tangu anajifunza kusema, Petro hajawahi kuingia mlangoni kwangu bila kuniambia "Shikamoo, kaka." Sasa akiingia anasema, "Habari za hapa." Nami ninayeketi pale na marahaba yangu tayari mdomoni, naimeza, namjibu nzuri.